Kutoka "Kile" hadi "Yule"

Katika onyesho letu la kwanza la vikaragosi, lililofanyika katika darasa moja la awali mjini Tanga, mtoto wa miaka minne hivi aliyekaa mstari wa mbele alimwonyesha mwalimu wake kima wetu na kuuliza, "Kile nini?" Miezi saba baadaye, katika darasa jingine, mtoto wa umri huohuo alimtazama kima wetu akiwa ameinamisha kichwa juu ya tawi, akamnong'oneza jirani yake, "Yule amelala." Kazi yote ninayotaka kuieleza hapa imo kati ya maneno hayo mawili. Kikaragosi, kwa ngeli yake, ni ndugu wa kiti na kijiko: kinabebwa, kinawekwa, kinavunjika. Hakuna mtoto wa miaka minne aliyefundishwa sarufi ya ngeli, na kwa sababu hiyo ulimi wake hausemi uongo. Akiona kitu atasema "kinakuja"; akiona mwenye uhai atasema "anakuja". Tulipolitambua hilo tuliacha kuwauliza walimu kama onyesho limependeza, kwa kuwa walimu wana adabu na hujibu vizuri kila mara, tukawa tunatega sikio tu na kusikiliza viambishi vya watoto.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa nimefundisha darasa la awali kwa miaka tisa. Mwenzangu wa pili ni dada fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na nyumba yetu. Wa tatu ni kijana mpiga ngoma ambaye chapuo lake haliachi hata akienda sokoni. Hakuna kati yetu aliyesomea sanaa hii. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya bibi yangu, ambaye jioni umeme ulipokatika alitukusanya barazani na kuita "Paukwa!", nasi tukaitika "Pakawa!", kisha yakafuata yale maneno ya chanjagaa aliyejenga nyumba kaka, ambayo mtoto wa pwani huyafurahia kabla hajajua maana yake. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nguvu ya bibi ilikuwa katika maneno. Ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba katikati ya hadithi alikuwa akinyamaza, akageuza shingo polepole kuelekea mlangoni, na sisi wote, bila kuambiwa, tukageuka kutazama huko, ambako hapakuwa na mtu.

Hadithi tuliyoichagua ni ya kima na papa, ambayo wazee wa pwani wameisimulia kwa vizazi. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari. Anakula matunda na kumtupia papa aliye chini, na kwa njia hiyo wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika rafiki yake kwao, anampandisha mgongoni, na wanapofika katikati ya maji anamwambia ukweli: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba laiti angeambiwa mapema angekuja nao, maana kima wakisafiri huacha mioyo yao mtini. Papa anamrudisha pwani kuuchukua, kima anarukia tawi, na hashuki tena.

Niliuandikia mchezo huo kurasa 14. Kila mhusika alitangaza kila alichokifanya: kima alipopanda mti alisema anapanda mti, na papa alipoona tunda alisema ameona tunda. Onyesho lilichukua dakika 50. Katika lile darasa la kwanza watoto walitulia kwa dakika kumi kwa sababu mwalimu wao alikuwa amesimama nyuma yao. Baada ya hapo mmoja alijilaza juu ya mkeka, wawili wakaanza kuvutana soksi, na waliobaki walinitazama mimi usoni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikisema. Kima alikuwa mkononi mwangu, anatikisika kwa kila silabi, na hakuna aliyemwona.

Ilibidi turudi mwanzo kabisa, kwenye kutengeneza. Kima wa kwanza alikuwa na kichwa cha kifuu cha nazi na nywele za makumbi, na kwa macho ya mtu mzima alipendeza sana. Lakini kifuu ni kizito, shingo ya kitambaa haikuweza kukibeba, na kichwa kilianguka mbele kila nilipopumzisha mkono. Dada fundi alileta vipande vya sponji kutoka kwenye godoro kuukuu, akavichonga kwa wembe, akavibandika kwa gundi ya fundi viatu, na kuvifunika kwa blanketi la kahawia lililokwisha kupauka. Kichwa kipya kilikuwa chepesi kiasi kwamba pumzi yangu tu ingeweza kukisogeza. Ndani yake tuliacha nafasi ya vidole vitatu, na mkono wa kulia wa kima tukautia kijiti cha mwanzi kiwikoni ili niuongoze kwa mkono wangu mwingine. Papa tulimshonea pazia la kijivu juu ya spoki za baiskeli zilizokunjwa, ambazo Tanga hazikosekani, na mkia wake ukawa unayumba wenyewe akisogezwa.

Macho yalitusumbua kuliko vyote. Neno "kikaragosi" lenyewe limetoka mbali: asili yake ni Karagöz, mhusika wa michezo ya vivuli ya Waturuki, ambaye jina lake maana yake ni jicho jeusi, na ukimtazama katika ngozi anayochongwa utaona jicho moja kubwa jeusi likiwa limetawala uso wote wa ubavu. Nilipolisoma hilo nilielewa kwamba walioanza sanaa hii walijua wanachokifanya. Sisi tulitumia vifungo viwili vyeusi vilivyotoka kwenye koti la mtumba. Mara ya kwanza tulivishona mbalimbali, kila kimoja kikitazama upande wake, na kima akawa hamwangalii mtu yeyote, amekodoa macho kama aliyesimamishwa kupigwa picha ya kitambulisho. Dada fundi alivifumua na kuvisogeza ndani, pengine milimita tatu tu kila upande, kiasi kwamba mistari miwili ya macho ilikutana mbele ya pua, umbali wa mkono mmoja. Alikata uzi kwa meno, akamgeuza kima kuelekea kwangu, na mimi nilirudi nyuma hatua moja. Alikuwa ananitazama.

Kuanzia siku hiyo tulijiwekea sheria moja ambayo hatukuivunja tena: jicho linatangulia mkono. Kima akitaka tunda, kwanza kichwa kinageuka, kinatulia, tunahesabu moyoni hadi mbili, ndipo mkono unaondoka. Katika ule utulivu wa kuhesabu hadi mbili watoto humaliza sentensi nzima wenyewe: ameliona, analitaka, anaogopa kuanguka, atalichukua. Hizo ndizo sentensi nilizokuwa nimeziandika katika kurasa 14, na ndizo nilizokuwa nikiwapokonya. Tulianza kufuta. Wiki baada ya wiki mchezo ulipungua, kurasa zikawa sita, kisha mbili, na mwishowe zikabaki sentensi 11 tu za kusemwa, bila kuhesabu paukwa na pakawa, ambazo nisingezifuta kwa gharama yoyote.

Jambo la pili ni pumzi. Nililipata kwa kuwatazama kwenye simu wasanii wa Handspring Puppet Company, kampuni iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1981 na ambayo mmoja wa waasisi wake, Adrian Kohler, alibuni farasi wakubwa wa mchezo wa War Horse uliofunguliwa London mwaka 2007. Farasi yule ni wa matete na kitambaa, miguu ya wanaomwendesha inaonekana waziwazi, na hata hivyo ukimtazama amesimama bila kufanya lolote unamwonea huruma, kwa sababu kifua chake kinapanda na kushuka. Kampuni hiyohiyo ilimtengeneza Amal, msichana mkimbizi mwenye kimo cha mita 3.5, ambaye mwaka 2021 alitembezwa kutoka mpaka wa Uturuki na Syria hadi Manchester nchini Uingereza. Hasemi neno hata moja. Nilifanya mazoezi usiku, sebuleni, nikimkalisha kima juu ya meza na kumfanya apumue tu: kichwa kinapanda upana wa nusu kidole ninapovuta hewa, kinashuka ninapoitoa, na mapafu yangu na yake yanakuwa kitu kimoja. Mwanangu aliamka kunywa maji, akapita, akatupunguzia sauti ya redio. Sikumuuliza kwa nini.

Watu hutuuliza mbona hatujifichi nyuma ya pazia. Madarasa tunayoyatembelea hayana mahali pa kutundika pazia, hiyo ni sababu moja. Sababu kubwa zaidi ni kwamba haihitajiki. Katika Bunraku ya Japani kikaragosi kimoja huendeshwa na watu watatu wanaoonekana na watazamaji wote, na kwa desturi mwanafunzi wa sanaa hiyo huanza na miguu kwa miaka mingi kabla hajaruhusiwa kushika kichwa. Watoto hututazama sisi kwa dakika ya kwanza, wanaridhika kwamba tupo, kisha wanatuacha. Sharti ni moja: mimi nisiwatazame wao. Macho yangu yakiwa kwa kima, macho yao huyafuata yangu na kufika kwa kima. Nikiinua uso kuona kama wanafurahi, kamba inakatika hapohapo.

Onyesho la tatu lilikuwa baya, na ninalieleza kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumempa papa meno. Dada fundi aliyakata kutoka kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula, yakawa makali kuyatazama, na sote watatu tulijivunia. Papa alipoibuka kutoka chini ya kanga za bluu tulizozifanya bahari, mtoto wa kike wa miaka mitatu alipiga kelele ambayo bado ninaisikia, na katika darasa la watoto wadogo kilio kimoja hakibaki kimoja. Tulisimamisha onyesho. Mwalimu alimbeba mtoto yule nje, na mimi nilikaa juu ya mkeka nikiwa na kima mkononi, nikiona aibu ya mtu mzima aliyemtisha mtoto ili amfurahishe. Tulirudi darasa hilohilo baada ya wiki mbili kwa idhini ya wazazi. Meno tulikuwa tumeyang'oa. Kabla ya kuanza tulimlaza papa juu ya mkeka akiwa amefumba macho, tukawaomba watoto waje wawili wawili kumgusa mgongo, wauone mshono, waone spoki ya baiskeli inavyotokeza mkiani. Nilihofia kwamba wakishajua ni pazia hawatamwamini tena. Yule mtoto aliyelia alikuja wa mwisho, akiwa ameshikwa mkono na mwalimu wake, akasimama mbali kidogo, akasema, "Shikamoo."

Hatukuwa tumejiandaa kwa hilo. Dada fundi, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya papa, hakutoa sauti yoyote. Alivuta pumzi, papa akavuta pumzi, kichwa cha kijivu kikainuka polepole, kikamgeukia mtoto, kikatulia, kisha kikainama. Mtoto akaenda kukaa. Mtu humpa shikamoo aliyemzidi umri na mwenye kustahili heshima, hampi pazia. Na alikuwa ameshauona mshono.

Sehemu ya moyo ndiyo iliyotufikirisha zaidi, na hadi leo ndiyo niipendayo. Hadithi nzima imesimama juu ya uongo mmoja wa kima, na wanaochunguza makuzi ya watoto wameeleza tangu miaka ya 1980 kwamba ni karibu na umri wa miaka minne ndipo mtoto wa kawaida anapoanza kuelewa kwamba mtu mwingine anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Darasa la awali lina watoto waliovuka mstari huo na wasiouvuka, wamekaa bega kwa bega. Niliwahi kupendekeza tushone moyo mwekundu wa kitambaa na kuutundika mtini tangu mwanzo, ili wadogo wasipotee. Kijana wa ngoma alikataa, na alikuwa na haki: moyo ukionekana mtini, kima anakuwa mkweli na papa hajadanganywa na mtu, hadithi inakufa. Alichopendekeza yeye kilikuwa chapuo. Tangu onyesho linapoanza, kila kima anapoweka mkono kifuani, chapuo linapigwa kwa ncha za vidole, du-du, du-du, kwa sauti ndogo kiasi cha kumfanya mtoto anyamaze ili aisikie. Watoto wengi huweka nao mikono vifuani. Inapofika ile sentensi, "Moyo wangu nimeuacha mtini," kima anaisema akiwa ameshika kifua, na chapuo haliachi kupiga. Wa miaka mitano huruka: "Muongo! Unao! Tunausikia!" Wa miaka mitatu hugeuka na kuutazama mti kwa makini, tawi kwa tawi, wakiutafuta. Wote wako ndani ya hadithi, kila mmoja kwa mlango wake, na wala hatuwasahihishi.

Zipo juhudi ambazo sikuzitegemea, nazo ni za kuilinda hadithi dhidi ya watu wazima wenye nia njema. Katika Afrika yetu vikaragosi vimefanya kazi nzito ya elimu. Afrika Kusini tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kenya katika miaka ya 1990, vilitumika kuzungumzia UKIMWI hadharani, kwa kuwa kikaragosi kiliweza kutamka yale ambayo mtu angeona haya kuyatamka. Ninaiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini imetuachia mazoea ya kumwona kikaragosi kama kipaza sauti, na hata katika siasa tukimwita mtu kikaragosi tunamaanisha kwamba hana neno lake mwenyewe. Ofisi moja iliyokuwa tayari kutulipia nauli za mwaka mzima iliomba kima anawe mikono kabla ya kula tunda na awaeleze watoto sababu. Tulikubali, kwa kuwa nauli ni nauli. Katika maonyesho mawili tuliyoyafanya hivyo niliona jambo lilelile: kima alipotaja sabuni, migongo ya watoto ilinyooka, mikono ikakunjwa mapajani, na sauti zote zikaitikia kwa pamoja, bila roho, "Nawa mikono kwa maji safi na sabuni." Walikuwa wamerudi darasani. Yule kima waliyekuwa wakimwogopea kuanguka amekuwa mwalimu, na mwalimu walikuwa naye tayari. Tuliiandikia ofisi barua ya shukrani na kuitoa sehemu hiyo, na fedha zikaenda nayo. Kunawa mikono nilifundisha kwa miaka tisa na nitafundisha tena nikipewa darasa. Kima hakuzaliwa kwa kazi hiyo.

Yaliyobaki ni mambo ya mkono na jicho, nayo tulijifunza kwa kukosea. Kanga za bahari tulilazimika kuzikata majina, kwa sababu walimu na akina mama waliyasoma na kuanza kunong'onezana papa anapoogelea. Mstari wa mbele unakaa mita moja na nusu kutoka mezani, karibu kiasi cha kuona macho ya kima na mbali kiasi cha kutoweza kumvuta mkia. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi ya awali yamejaa, na tumewahi kukuta watoto zaidi ya 90 katika chumba kimoja. Tunafanya maonyesho mawili au matatu badala ya moja, kwa watoto 40 kila mara, hata kama tunatoka tumelowa jasho la Tanga ndani ya nguo nyeusi. Onyesho sasa ni la dakika 25. Katika vijiji vya kuelekea Lushoto, ambako mtoto anaweza kuanza shule akiwa na Kisambaa kingi na Kiswahili kidogo, zile sentensi 11 tunazipunguza hata kufikia tano, na sijaona kinachopotea.

Wiki iliyopita tulimaliza onyesho la asubuhi, watoto wakaenda kunywa uji, nasi tukaanza kukusanya vitu. Dada fundi alikunja bahari. Mimi nilimvua kima mkononi, nikamlaza ndani ya kapu juu ya papa, nikachukua mfuniko. Mtoto mmoja alikuwa amebaki mlangoni na kikombe chake cha uji, mdomo umezungukwa na weupe, sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini.

"Usimfunike yote," aliniambia. "Atakosa hewa."

Niliuacha mfuniko wazi kidogo upande wa kichwa. Akasogea, akachungulia kama nimefanya vizuri, akaenda kumalizia uji wake.